Kifuniko cha mbao juu ya tangi la matumbawe: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 linabeba karibu lita 650 za maji ya chumvi, na uso wake wa juu unazidi mita moja ya mraba. Kila siku lita kadhaa za maji hayo zinageuka mvuke. Tangi likiwa wazi, mvuke unapotelea chumbani bila mtu kuugundua. Ukilifunika kwa sanduku la mbao lenye taa na milango, mvuke uleule lazima upate pa kwenda: utoke kwenye tundu ulilouachia, au uingie kwenye mbao, kwenye bawaba, kwenye soketi na kwenye taa. Matatizo mengi ninayoitwa kuyaangalia hapa Kampala yanaanzia hapo. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu seremala au aliyekuuzia taa, jiulize: maji yanayopungua kwenye tangi langu yanatoka kupitia wapi?

Nimepanga dalili kwa uzito wake, ya hatari zaidi ikitangulia.

Ukigusa maji, vidole vinasisimka

Zima umeme wote wa tangi na usiingize mkono tena mpaka upate chanzo. Umeme wetu ni volti 240, na maji ya chumvi yanaupitisha vizuri mno kuliko maji ya bomba. Msisimko mdogo unaousikia kwenye mkwaruzo wa kidole leo unaweza kuwa mshtuko kamili kesho, ukiwa umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Kwanza angalia kama kuna ekstensheni iliyofungwa kwa skrubu ndani ya kifuniko. Watu huificha humo ili nyaya zisionekane. Mvuke na vinyunyu vya maji ya chumvi vinaingia kwenye matundu yake, maji yanakauka, chumvi inabaki, na kesho inaongezeka juu ya ile ya jana. Ukiifungua utakuta unga mweupe umechanganyika na ukijani kuzunguka vipande vya shaba, na pengine plastiki imeanza kuwa ya kahawia kwa joto. Ekstensheni iliyofika hapo haisafishwi, inatupwa.

Soketi na transfoma za taa zote zikae nje ya kifuniko, pembeni ya tangi. Kila waya ushuke chini ya soketi kwanza, ndipo upande kuingia, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke kwenye kona ya chini badala ya kufika kwenye plagi. Weka RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampia 30 kwenye laini ya tangi na bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Halafu mwite fundi umeme apime kama waya wa arthi umeunganishwa kweli. Zipo nyumba za kupanga ambazo soketi ina tundu la tatu na nyuma yake hakuna kitu.

Kamba na kaa wanakufa, samaki hawana neno

Hii ndiyo dalili ninayoomba usiichelewe. Samaki wanakula, wanaogelea, rangi zao safi. Lakini kamba wa kusafisha amelala chali, kaa wadogo hawatoki kwenye magamba, na konokono wameanguka kutoka kwenye kioo. Kama haya yameanza siku chache baada ya kifuniko kipya kuwekwa, tuhuma ziende kwenye mbao kabla ya kwenda kwenye maji.

Nenda Ndeeba, mahali ambapo wengi wetu tunanunua mbao, usikilize mazungumzo ya kawaida kabisa:

"Fundi, hizi mbao zimepigwa dawa?"

"Ndiyo, ssebo. Mchwa hata hawazikaribii."

Muuzaji anaisifu bidhaa yake, na kwa kabati la nguo ana haki. Kwa tangi la matumbawe, jibu hilo linatosha kukufanya uondoke. Dawa za mchwa na za bungua, hasa zile za jamii ya pairethroidi, zinaua wadudu. Kamba na kaa ni ndugu wa karibu wa wadudu, na kiasi kidogo sana ambacho samaki wanaweza kukivumilia kinawamaliza. Mvuke unapanda, unalowesha upande wa ndani wa mbao, unakusanyika kuwa matone, na matone yanarudi tangini yakiwa yamebeba dawa. Mbao zilizopakwa oili chafu ya gari dhidi ya mchwa nazo ni hivyohivyo, na oili inaacha pia utando juu ya maji. Mbao zenye rangi ya kijani iliyofifia, kama zile za nguzo za umeme, zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Shaba ya miligramu 0.2 kwa lita, kiwango ambacho wafugaji huwatibia samaki wagonjwa kwenye tangi la pembeni, inatosha kuua kamba, konokono na matumbawe.

La kufanya: ondoa kifuniko leo, ukitoe chumbani kabisa. Badilisha robo ya maji, rudia baada ya siku mbili, na pitisha maji kwenye kaboni hai (mkaa wa kuchujia) mpya, ukiibadilisha tena ndani ya wiki. Usijaribu kuziokoa mbao hizo kwa kuzipaka vanishi juu ya dawa. Ufa mmoja mdogo wa vanishi unakurudisha mwanzo. Mbao zigeuze rafu ya vitabu.

Kabla ya kufunga kesi, waulize wa nyumbani kama kuna aliyepuliza dawa ya mbu sebuleni. Kifuniko chenye feni zinazovuta hewa ya chumba kinaipeleka dawa hiyo moja kwa moja juu ya maji, na dalili zake ni hizihizi.

Joto la maji linapanda mchana na halishuki usiku

Tangi la matumbawe linataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Likikaa karibu na 30 kwa siku kadhaa, matumbawe yanafukuza mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kuyalisha, nayo yanabaki meupe. Hewa ya Kampala si kali, mchana mara nyingi iko chini ya nyuzi 30, kwa hiyo chumba peke yake si kisingizio. Joto linatoka kwenye taa na pampu, na kifuniko kinalizuia lisitoke.

Pima hivi: andika joto la maji jioni taa zikiwa bado zinawaka. Kesho yake fungua milango yote ya kifuniko mchana kutwa, upime saa ileile. Kama limeshuka kwa nyuzi moja au zaidi, kifuniko hakipumui. Kama halijabadilika, shida iko kwenye pampu au kwenye kipasha joto kilichonasa bila kuzima.

Njia nafuu ya kupoza ni kuacha maji yageuke mvuke kwa makusudi. Kila lita inayokuwa mvuke inaondoka na joto la takriban kilowati-saa 0.67. Lita 5 kwa siku ni karibu kilowati-saa 3.4, sawa na kuondoa wati 140 mfululizo usiku na mchana. Feni mbili za milimita 120 za volti 12 zikipuliza juu ya uso wa maji zinafanya kazi kubwa ya kupoza kwa umeme mdogo sana, mradi hewa yenye unyevu ipate njia ya kutoka. Ndipo wengi wanapokosea: wanatoboa tundu la feni na hawatoboi la kutokea. Feni inaunguruma, hewa inazunguka ndani palepale, unyevu unafika ukomo, na maji hayapoi tena. Matundu ya kutokea yawe na ukubwa wa jumla usiopungua wa matundu ya feni, na yakae juu, upande wa pili, kwa sababu hewa ya moto na yenye mvuke inapanda.

Kuhusu feni ivute ndani au isukume nje, mimi nasimamia kuvuta ndani. Mota yake inakaa kwenye hewa kavu ya chumba na inadumu. Feni inayosukuma nje inapitisha chumvi kwenye mota yake kila dakika.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, hewa imeshiba unyevu na upoaji huu unapungua. Bahati ni kwamba siku hizo zenyewe huwa na ubaridi.

Ujue pia kinachofuata: maji yanayopungua ni matamu, chumvi inabaki. Ukiongeza feni bila kuongeza maji matamu yaliyochujwa kila siku, chumvi inapanda kutoka 35 kwa elfu kwenda 37 au 38, na matumbawe yatafunga midomo kwa sababu ambayo haina uhusiano na joto. Kipimo cha chumvi kiandikwe kwenye daftari moja na kile cha joto.

Asubuhi samaki wanahema juu ya maji, na pH iko chini

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa uwiano huohuo: maji ya bahari ya nyuzi 26 yanayoshika karibu miligramu 6.6 kwa lita kule Mombasa hapa yanashika chini ya 6. Maelekezo mengi ya matangi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari, hayalisemi hili. Sisi tunaanza na akiba ndogo. Ukiongeza kifuniko kilichobana, usiku ambapo mwani hautoi oksijeni na kila kiumbe kinapumua, akiba hiyo inaisha mapema.

Jaribio la pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ni rahisi. Chota glasi ya maji ya tangi, pima. Ipeleke barazani, ipulizie hewa kwa pampu ndogo na jiwe la hewa kwa saa moja, pima tena. Kama pH imepanda kwa 0.2 au zaidi, maji yako yamejaa kaboni dioksidi inayotoka kwenye hewa iliyofungiwa. Jiko la gesi au sigiri kwenye chumba cha jirani vinaongeza mzigo huo. Kama haikusogea, acha kifuniko, kapime ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke.

Tiba ni kuacha feni moja ikizunguka polepole usiku kucha, kuelekeza pampu ya mawimbi juu ili uso wa maji uvunjike, na kuupeleka mpira wa hewa wa skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu) nje ya dirisha. Umeme ukikatika, feni na pampu zinasimama pamoja, na kifuniko kinageuka mfuniko wa sufuria. Fungua milango yote mara moja, na uwe na pampu ya hewa ya betri karibu. Ndani ya nyumba, sheria hii waijue wote, pamoja na dada wa kazi na watoto, kwa sababu umeme hauchagui saa ambayo mwenye tangi yupo.

Mlango umejikunja, haufungi

Angalia umejikunja kuelekea wapi. Ubao unavimba upande unaokunywa maji. Kama tumbo la mlango linaelekea kwenye tangi na pembe zake zimetoka nje, upande wa ndani umekunywa na wa nje umefungwa. Hapo utagundua fundi alipaka vanishi tabaka nne upande unaoonekana na moja upande wa samaki, kama inavyofanywa kwa kabati. Kwa kifuniko ni kinyume: ndani kupakwe sawa na nje au zaidi.

Kuhakiki, dondosha tone la maji upande wa ndani. Likikaa kama shanga, umefungika. Likitanuka na kuacha doa jeusi, mbao ziko uchi. Rudia jaribio hilo kwenye kingo zilizokatwa, kwenye matundu ya skrubu na kwenye matundu ya nyaya, maana mbao hunywa maji kwenye ncha iliyokatwa kuliko mahali pengine popote. Plaiwudi iliyofumuka siku zote imeanzia ukingoni.

Vua mlango, ukaushe kivulini ukiwa umelazwa juu ya fito ili hewa ipite pande zote mbili. Juani utapasuka. Ukinyooka, upige msasa, upake epoksi ya vijenzi viwili kingo zote kwanza, kisha nyuso zote mbili siku ileile kwa tabaka sawa. Usipokubali kunyooka, tengeneza mwingine, na uache nafasi ya milimita 2 hadi 3 kuzunguka mlango. Mbao zitacheza tu hata ukizipaka vipi, na zinacheza kwa upana, si kwa urefu.

Mbao zenyewe zina neno lake. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na chipubodi usiziweke juu ya maji ya chumvi kamwe. Musizi ni mwepesi na bei yake nzuri, lakini hauvumilii unyevu. Mvule unavumilia, ila umepungua nchini na bei inaonyesha hivyo, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo vaa barakoa unapoupiga msasa. Mimi naona plaiwudi ya marini ya milimita 18, isiyotiwa dawa, ndiyo uamuzi wa busara kwa tangi kubwa, na mvule ubaki kwa fremu ya mbele inayoonekana. Chochote unachochagua, uliza mbao zimepasuliwa lini. Zilizopasuliwa juzi bado zina maji ndani, na ukizipaka epoksi unayafungia humo.

Vanishi imeingia ukungu mweupe, au inabanduka

Lakka inayopulizwa na mafundi wengi wa samani inakauka haraka mno. Ikipulizwa siku ya mvua inanasa unyevu wa hewa na kuwa nyeupe kama maziwa. Kwa nje, subiri siku kavu, piga msasa mwepesi, puliza upya. Kwa ndani, lakka iache kabisa. Tumia epoksi au poliyurethani ya vijenzi viwili. Epoksi iliyokauka hewa ikiwa na unyevu inaweza kuota utando wa mafuta-mafuta juu, uoshe kwa maji na msasa kabla ya tabaka linalofuata, la sivyo litabanduka lote kwa ganda moja. Baada ya tabaka la mwisho ipe wiki nzima. Ingiza kichwa ndani ya kifuniko uvute pumzi: ukisikia harufu yoyote ya thina, bado hakijawa tayari kukaa juu ya viumbe hai.

Machozi ya kutu chini ya bawaba

Skrubu za kawaida zinaota kutu ndani ya wiki chache. Zilizopakwa zinki zinachelewa kidogo kisha zinadondosha zinki tangini. Bawaba za shaba nyeupe na njano zinapendeza dukani, lakini ni shaba, na nimeshasema shaba inafanya nini. Tumia stenlesi ya 316, au bawaba za nailoni. Stenlesi ya 304, inayopatikana kwa urahisi zaidi, itumike tu upande wa nje.

Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, ikikauka toboa katikati tundu dogo la skrubu. Hivyo chuma hakigusi mbao na maji hayana mlango. Na popote inapowezekana, funga kutokea nje.

Matumbawe ya juu yamepauka, ya chini yako sawa

Joto hupausha kila mahali. Mwanga hupausha yaliyo karibu na taa. Kama upaukaji umeanza baada ya kufunga kifuniko, pima umbali wa taa hadi maji. Mara nyingi taa iliyokuwa ikining'inia sentimita 40 sasa imefungwa kwenye 20, na rangi nyeupe ya ndani inarudisha mwanga ambao zamani ulikuwa ukipotelea ukutani. Punguza nguvu ya taa hadi nusu na uipandishe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Taa zinazojizima zenyewe alasiri zinajilinda na joto: ziachie nafasi juu ya mgongo wake hewa ipite. Zikififia taratibu kwa miezi, futa chumvi kwenye lenzi kwa kitambaa chenye maji matamu.

Samaki anakutwa sakafuni

Walengwa ni wale wembamba, kina gobi na rasi. Wanapita kwenye tundu la nyaya la nyuma ambalo kila mtu analisahau. Wavu wa plastiki wa matundu ya milimita 6, ndani ya kila nafasi, unamaliza jambo bila kuziba hewa.

Kifuniko kinabonyea katikati, au kinatetemeka

Mtetemo ni feni iliyokazwa moja kwa moja kwenye mbao. Weka vipande vya mpira katikati. Kubonyea ni jambo zito zaidi. Plaiwudi moja nzima ya milimita 18 ina uzito wa takriban kilo 32, na ukiongeza fremu, taa na milango, kifuniko cha mita 1.8 si mzigo wa kuegemezwa kwenye kioo kitupu. Uzito ushuke kwenye meza ya tangi kupitia miguu ya nyuma na ya pembeni, au uning'inie kwenye boriti za dari ambazo fundi amezithibitisha. Ndani weka taruma la kupitia katikati, lisimamishwe kwa upana wake, na taa zifungwe kwenye taruma hilo badala ya kwenye paa. Kama tangi halina fremu ya juu na kifuniko tayari kimekaa kwenye kioo, kitoeni watu wawili, kila mmoja upande wake, mkikiinua kwa pamoja bila kukiburuta, kisha pitisha kidole kwenye silikoni ya kila pembe kutafuta unyevunyevu kabla ya kukirudisha kwenye miguu yake.